Fungu la Watachoka

Soko la Kasongo saa tatu asubuhi halina nafasi ya kupitisha hata sindano. Émérance alikuwa mbele ya meza za wauza nyama, kitenge chake cha manjano amekikaza kiunoni, akibishana na mchinjaji juu ya kipande chenye mfupa mwingi kuliko nyama. Aliposhinda, akageuka kwa maringo. Mara kikapu kikawa chepesi.

"Wee! Mbwa! Mbwa ananiibia!"

Mbwa mwekundu, mwembamba, sikio moja limechanika, alikwisha kuingia chini ya meza na nyama mdomoni. Nyuma yake akaja mbio kijana mrefu, jaketi la ngozi limepauka, buti zimejaa tope la barabara ya Kabambare.

"Watachoka! Acha! Watachoka!"

"Nani atachoka? Mimi ndiye nimechoka! Ile ilikuwa mboga ya mutoto wangu!"

"Pole, mama. Watachoka ni jina lake. Baba alimuita hivi sababu nyama wote wa pori watachoka, yeye hachoki."

"Na mwenye mbwa, haoni haya?"

"Anaona sana. Lakini ameona pia kitenge ya manjano, haya zote zikakimbia."

Wanawake wa soko wakacheka. Émérance alitaka kukasirika, lakini midomo ilimsaliti. Kijana akanunua kipande kingine, kizuri kuliko kile cha kwanza, akampeleka nyumbani kwa pikipiki, mbwa amekaa mbele juu ya tangi kama chifu.

Jina lake Musafiri, mtoto wa mwindaji wa kijiji cha Wamaza, mbeba mizigo kati ya Kasongo, Kabambare na machimbo ya Salamabila. Émérance alikuwa mshonaji. Binti yake, Sarah-Grâce, alikuwa na miaka miwili. Baba wa mtoto aliaga akisema anakwenda kutafuta kazi, mtoto hajaota hata jino, na hadi leo hakuonekana. Ndiyo maana mwanamke huyu alijiapiza: atakayeingia mlango ule, kwanza ampende mtoto.

Simu zikaanza.

"Sheri, mpenzi wangu, uko wapi?" Émérance aliuliza, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Niko Salamabila. Huku kila mutu anachimba dhahabu. Mimi yangu iko Kasongo, inashona."

"Uongo wako uko na magurudumu mawili, unaenda mbio."

"Basi nakuja nayo Jumamosi."

Na alikuja. Akawa anakuja kila Jumamosi, mtoto akamzoea, akimwita "Safi" kwa ulimi wake mdogo. Safari ya Salamabila ilipokuwa ndefu, Musafiri alimwacha Watachoka kwa Émérance. Siku ya kwanza alimfundisha desturi ya kwao.

"Mbwa wa mwindaji ana fungu lake: mapafu, maini, utumbo. Anakula mbichi. Na halambi sahani, anakula mukononi, ili ajue nani anamulisha. Fungua kiganja. Hivi."

Ulimi wa mbwa ulikuwa wa moto, damu ikapaka vidole vya Émérance. Alitaka kuuvuta mkono wake, lakini Musafiri alikuwa ameushika kwa chini, na kushikwa vile kulimpendeza.

Mama yake, Marie-Thérèse, aliona akiwa mlangoni. "Nyama mubichi ndani ya lupango, ndani ya ua anachezea mutoto? Eh, Émérance. Mapenzi inapofusha macho, isipofushe na pua."

Usiku ule Émérance alimpigia Musafiri. "Mama anasema tuipike."

"Baba anasema mbwa wa sufuria hanusi tena. Lakini sawa, sheri. Nikiwa kwako, nitaipika. Naahidi."

Wiki nzima, Musafiri akiwa safarini, Émérance hakuwa na kuni za kutosha wala saa za kutosha. Nguo za harusi ya watu zilirundikana mezani. Akajiambia fungu moja moja bichi halitaua mtu, maana yeye hakuahidi, ni Musafiri aliyeahidi. Alikata mapafu juu ya kibao cha jikoni, akasuuza kisu na kibao kwa maji kidogo, akammenyea mtoto papai hapo hapo.

Jumamosi, akirudi kutoka kumpelekea bibi harusi gauni lake, alisimama penye ua. Musafiri alikuwa amechuchumaa, ini jekundu kiganjani, Watachoka anakula. Hatua mbili tu, Sarah-Grâce amekaa chini, uso wake unang'aa kwa mate ya mbwa, anacheka.

"Musafiri! Uliahidi!"

"Sheri, nimefika sasa hivi, moto ulikuwa haujawaka, mbwa alikuwa na njaa…"

Hakumaliza. Mtoto aliacha kucheka. Akajikunja, akatapika. Émérance alipomwinua, paji la uso lilikuwa linachoma, na nguo yake ya chini ilikuwa na damu.

"Umeniulia mutoto," alisema kwa sauti ndogo, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Toka. Wewe na mbwa wako. Nisione tena hata moshi ya pikipiki yako."

"Acha nikupeleke hopitali kwanza!"

"Toka!"

Alimfunga mtoto mgongoni, akakimbia kwa miguu. Nyuma yake alisikia pikipiki ikiwashwa, ikamfuata polepole hadi mlango wa kituo cha afya, bila neno, kisha ikageuka.

Siku tatu Sarah-Grâce alilala na dripu ya serumu mkononi, macho yameingia ndani, hata kulia hawezi. Émérance alihesabu pumzi zake. Simu ikaita, jina la Musafiri, hakupokea. Ikaita tena na tena. Siku ya tatu haikuita.

Mama Olga, muuguzi mwenye nywele za mvi na maswali yasiyo na haraka, alivuta kiti.

"Sina mashine ya kuniambia ni kijidudu gani. Lakini nyama mubichi inabeba vingi. Mbwa anakula, anakaa muzima, navyo vinabaki mudomoni, ndani ya mavi, juu ya manyoya. Mutoto akilambwa usoni, anaweza kuvipata."

"Nilimwambia Musafiri! Hakusikia."

"Ngoja, binti yangu. Aligonjwa saa ile ile alipolambwa?"

"Saa ile ile."

"Basi haikuwa siku ile. Kijidudu kinataka muda ndani ya tumbo. Tuseme siku mbili, tatu kabla. Siku hizo, nyama ya mbwa nani aliikata?"

Émérance akatazama vidole vyake.

"Kwa kisu gani? Kibao gani? Na mutoto alikula nini kilichokatwa hapo?"

Papai. Aliliona, jekundu na tamu, juu ya kibao kilichosuuzwa kwa maji kidogo. Musafiri siku hizo alikuwa Salamabila, safari ya siku nzima kutoka kisu kile. Émérance akafunika uso kwa kitenge.

"Sikukuuliza ili ulie," alisema Mama Olga. "Nimeuliza ili ujue pa kuanza. Pika nyama ya mbwa mupaka damu iishe. Kisu chake, kibao chake, mbali na vyenu. Sabuni mikononi. Na mbwa asilambe mutoto."

Siku ya nne Sarah-Grâce aliomba uji. Émérance akatoka nje, akapiga simu. Haipatikani. Akapiga kesho yake. Haipatikani. Mwendesha pikipiki mwenzake Musafiri, aitwaye Pierre, akamwambia, "Ameenda kwa baba yake Wamaza. Huko hakuna mtandao, simu ni saa ya ukutani tu. Nakwenda kesho. Nimwambie nini?"

"Mwambie mutoto iko muzima. Mwambie kisu kilikuwa changu."

Mvua ikanyesha siku tisa. Watu waliofika kutoka Kabambare walisema madaraja ya miti yamelala majini. Pierre hakurudi. Kila pikipiki iliyopita, cherehani ya Émérance ilisimama yenyewe. Marie-Thérèse alimtazama binti yake, safari hii asimtanie.

Siku ya kumi, jua limerudi, pikipiki ilizima penye ua. Musafiri alikuwa amekonda, tope hadi kifuani. Watachoka alikuwa mbele yake kama zamani. Nyuma, palipokaa mizigo, ilifungwa sufuria moja kuukuu, nyeusi tii.

Wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kusogea.

"Pierre alikuambia?" Émérance aliuliza.

"Aliniambia. Lakini mukono uliokufundisha kuishika nyama mubichi ulikuwa wangu. Na ahadi niliyovunja ilikuwa yangu. Usibebe peke yako."

"Na hii sufuria?"

"Nimempikia Watachoka kwa baba, kila siku. Mzee alicheka, akaita majirani waje waone mbwa anayekula kama bwana harusi. Juzi tukaenda pori. Watachoka akatoa ndezi wawili vichakani kabla mzee hajamaliza kukohoa." Musafiri akatabasamu kidogo. "Asubuhi nimekuta sufuria ya mzee ya pori imefungwa kwenye pikipiki."

Sarah-Grâce alitoka mlangoni kwa miguu yake bado dhaifu. "Safi!" Akanyoosha mikono kwa mbwa. Watu wazima wote wawili waliruka pamoja. Musafiri akamshika mbwa, Émérance akambeba mtoto, wakajikuta uso kwa uso.

"Émérance, wazee wangu wanaweza kufika Jumapili ijayo. Ukisema wasije, nitaiacha sufuria tu, nirudi."

Émérance akamwonyesha kwa kidevu ukuta wa jiko. Kibao cha zamani hakikuwapo, kilikuwa kimekuwa kuni. Vilining'inia vibao viwili vipya na visu viwili, kimoja kimefungwa mpini kwa kitambaa chekundu cha mabaki ya kushonea.

"Kile chekundu ni cha nani?"

"Cha Watachoka."

Musafiri akasogea, akakitazama. Fundo lilikuwa limeanza kupauka.

"Ulikifunga lini?"

"Siku Pierre alipoondoka," alisema Émérance. "Sasa nawa mikono, shika kuni. Mbwa wetu ana njaa."