Vitunguu Visivyochubuka

Maiti ya Lwitiko, bwana shamba wa Tunduma, ilikutwa asubuhi moja ya Aprili 2014 chini ya viroba vya vitunguu, ndani ya ghala la mzee Ezron, mtaa wa Sogea. Aliyeikuta ni Ezron mwenyewe, alipokuja kutazama mizigo. Vitunguu, jamani. Mwaka ambao mji mzima ulikuwa unagawana kitunguu kimoja nyumba mbili, mama ntilie wanapika mchuzi mweupe, mtu amekufa amefunikwa navyo hadi kidevuni.

"Rundo limemwangukia," Ezron alisema, kofia mkononi. "Alikuwa na desturi ya kuingia kuhesabu. Mungu amlaze pema."

Mkuu wa kituo aliona ufa kisogoni mwa marehemu, akasema ajali haipigi mtu kisogoni. Akauliza rundo ni la nani. Kabla ya mchana Mayala alikuwa mahabusu.

Mayala alikuwa mkulima wa Kamsamba, huko bondeni. Alikuwa ameshusha mzigo wake jana yake tu, vitunguu vya kwanza kukomaa msimu ule, na soko zima lilimsikia akimfokea Lwitiko. Kwa mkuu wa kituo hiyo ilitosha. Kesho yake mtuhumiwa apelekwe mahakamani Vwawa akasomewe shitaka la kuua.

Sajenti Tabita, aliyepewa faili, hakuridhika. Alikwenda mahabusu na kiti chake, akaketi.

"Mligombania nini?"

"Afande, yule kila mwaka anahesabu vitunguu, anapeleka wizarani. Nikasikia ameandika kwamba nchi haina akiba, viletwe vya nje, na mimi ndiyo kwanza navuna. Nikamuuliza, inakuwaje haina? Mwaka jana tumevuna mpaka tukauza kwa bei ya kutupa. Vimekwenda wapi? Nani kavila?"

"Akasemaje?"

"Akaniambia, Mayala, hata mimi nimeanza kujiuliza."

"Na wewe ukamwambia utamzika na kalamu yake."

Mayala aliinamisha kichwa. "Nilisema. Ni hasira, mama. Niliuza ng'ombe wangu wote nikanunua pampu. Vile viroba ndiyo nyumba yangu, ndiyo watoto wangu. Ningemwangushia mtu vitunguu vyangu mwenyewe?"

Neno hilo lilimganda Tabita. Alirudi ghalani. Ghala lilikuwa safi, sakafu ya saruji imefagiliwa, isipokuwa nzi waliojazana kwenye mlango mdogo wa nyuma uliofungwa kwa kufuli.

"Humo mna nini, mzee?"

"Chumvi ya Ivuna," Ezron alijibu. "Naweka humo isipate unyevu."

Tabita alifungua kiroba kimoja kati ya vilivyokuwa juu ya maiti, akamimina kwenye turubai. Akafungua cha pili, na cha tatu. Alivigeuza kimoja kimoja. Maganda mekundu, makavu, yanang'aa. Hakuna kilichopondeka wala kuchubuka. Rundo lile, kwa maelezo ya Ezron, lilikuwa refu kupita mtu, na chini ni saruji. Hapo Tabita alijua kwamba hakuna kilichoanguka. Mtu alimuua Lwitiko, kisha akamfunika kiroba kwa kiroba, akivilaza kwa upole mithili ya mama anayelaza mtoto.

Alimwita Makene, kiongozi wa makuli, ambaye naye hakumpenda marehemu kwa sababu alikuwa akiwakemea kila siku kwa kutupa mizigo.

"Hamisha kiroba hiki, ukiweke pale."

Makene alikinyanyua, akapiga hatua, akakiachia kutoka begani. Puu! Vitunguu vitatu vilipasuka.

"Ndivyo unavyoweka siku zote?"

"Sasa afande, nikiinama kila kiroba nitafika jioni na mgongo?"

Tabita akamtoa Makene kwenye hesabu. Halafu moyo ukamshuka. Mtu anayelaza kitunguu taratibu ni mwenye kitunguu. Kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amemfungua kuli na kumkaza kamba Mayala. Ilimuuma, maana alishaanza kumwamini.

Alikwenda mochwari kutazama tena nguo za marehemu, zaidi kwa kukosa pa kwenda. Akazinusa buti. Soli zilikuwa zimegandwa na uteute mweusi wenye harufu ya kitunguu kilichooza. Na kwenye pindo la suruali lilikuwa limenasa chipukizi la kitunguu, refu kama kidole, jeupe pe.

Tabita alikaa kwenye benchi la nje akafikiri. Vitunguu vya Mayala vilikuwa vipya, vikavu, havina chipukizi hata kimoja. Kitunguu kikichipua juani, chipukizi huwa la kijani. Chenye chipukizi jeupe kimechipua gizani, na kimekaa miezi. Lwitiko alikanyaga vitunguu vikuukuu vilivyofichwa mahali pasipo na mwanga, katika mji ambao kila mfanyabiashara aliapa kwamba vya mwaka jana vimekwisha.

Alirudi Sogea na mkuu wa kituo, Mayala akiwa na pingu, Makene na makuli wenzake wakitazama.

"Mzee Ezron, tufungulie stoo ya chumvi."

"Ufunguo nimeuacha nyumbani."

"Uko shingoni kwako, naiona kamba. Na nzi hawafuati chumvi."

Ezron hakusogea. Makene akaja na nondo, akaivunja kufuli. Harufu iliyotoka iliwarudisha watu nyuma, wengine wakatapika. Viroba vilipangwa hadi darini, vinavuja maji meusi, machipukizi meupe yametoboa neti kila upande yakitafuta mwanga. Chini, karibu na mlango, jiwe la mizani lilikuwa na nywele.

"Ni vya mwaka jana," Mayala alisema polepole. "Hivyo ni vyetu."

Ezron alikaa chini palepale. "Nilingoja bei ipande. Ikapanda, nikasema ipande kidogo tena. Mvua zikaja, vikaanza kuoza kwa chini, nikawa naona aibu hata kufungua mlango. Lwitiko akafuata nzi kama wewe. Akasema anakwenda kuandika upya. Angeandika kwamba akiba ipo ila imefichwa, maghala yangefunguliwa kila mahali, malori yangekuja na vya mikoa mingine, watu wangejua kwamba nimewalaza njaa ya bure."

"Na Mayala alikukosea nini?" Tabita aliuliza.

"Hakunikosea. Akifungwa, nani angeuza vitunguu vyake? Vingebaki kwangu. Vilikuwa vizima." Alitazama viganja vyake. "Hata nilipomfunika navyo sikuweza kuvitupa. Nimeuza vitunguu maisha yangu yote."

Mayala alifunguliwa pingu jioni ile. Hakutaka pole ya mtu. Alitaka viroba vyake.

"Ni vielelezo," mkuu wa kituo alisema. "Haviguswi mpaka kesi iishe."

Tabita alibisha mpaka akaonywa. Viroba vikapangwa uani kwa polisi chini ya turubai lenye matundu, na mvua za mwisho zilikuwa bado hazijakatika. Mjini watu waliendelea kupika mchuzi mweupe.

Julai Mayala aliitwa kutoa ushahidi. Alipotoka aliomba kuona mzigo wake, na Tabita akampeleka uani. Tabita akainua turubai. Machipukizi meupe yalikuwa yametoboa neti. Mayala alinyanyua kiroba kimoja, kikamvujia miguuni maji meusi. Akainama, akakiweka chini taratibu.