Anshi ya Mwalimu Liévin

Haya yalimpata jirani yetu Kunda, mpiga klarineti, asubuhi ya Jumanne, jua likiwaka vizuri tu pale Karavia. Syntiche, mtengeneza filamu, alimhitaji kwa tukio moja: mjane anafungua mlango, haoni mtu, na klarineti ndiyo inayotuambia kwamba marehemu mumewe yupo. Kunda alicheka, akasema kila filamu ya mizimu lazima isumbue wapiga klarineti. Akaingia katika chumba cha kurekodia, kijichumba kisicho na dirisha, kuta zimezibwa kwa magodoro.

Ila alikuwa na siri ya aibu. Katika fanfari yao, bendi ya parokia, mpiga klarineti akifa, anshi yake, kile kijibanzi cha tete kinachotoa sauti, huvunjwa kaburini ili pumzi yake ipumzike. Mwalimu wake, mzee Liévin, alipozikwa, Kunda ndiye aliyepewa kazi hiyo. Akavunja anshi yake mwenyewe, kuukuu. Ya mwalimu akaitia mfukoni, kwa kuwa sauti yake ilikuwa tamu mno.

Siku hiyo aliitumia kwa mara ya kwanza.

Ilitoka sauti nzuri hadi Syntiche, huko nje, akafuta machozi. Kunda akafika mwisho wa wimbo. Akaacha kupuliza. Klarineti haikuacha.

Alitaka kuitoa mdomoni, midomo ikanata. Klarineti ilimvuta pumzi polepole, kama mtoto anavyonyonya. Akausukuma mlango kwa bega. Haukusogea, na mlango ule haujawahi kuwa na kufuli. Taa ikazimika. Wimbo ukageuka ule wa mazishi. Kunda aliogopa, jamani. Alijua anakufa.

Kisha akasikia mnong'ono sikioni.

"Kunda, mutoto yangu. Unifungulie mulango. Niko umu ndani tangu siku balinizika."

Hapo akaelewa alichomfanyia mzee wa watu. Akafumba macho, akaing'ata anshi kwa nguvu zote. Ikavunjika. Mlango ukafunguka wenyewe, naye akaangukia miguuni pa Syntiche, akihema. Nusu ya anshi ilibaki kwenye klarineti. Nusu ya pili waliitafuta kila mahali, wasiione.

Daktari alimpiga picha ya kifua, hakukuta kitu. Klarineti Kunda haigusi tena. Lakini mkewe, Gracia, siku hizi analala sebuleni, na sababu alitueleza kwa sauti ya chini. Kunda akisinzia tu, hata mchana baada ya kula bukari, ugali wetu, kifua chake hutoa noti moja ya klarineti, ndefu. Halafu mtu anabisha hodi, kutoka ndani.