Kizibo cha Shaba

Duka la vipuri vya boti lilifurika Jumamosi ile hadi wateja wakawa wanaagiza kwa kupunga mikono. Fundi alikuwa wa tatu kutoka kaunta, ovaroli ya buluu imekunjwa hadi viwikoni, hereni mbili ndogo zikimeta chini ya kitambaa cha kichwa. Mbele yake alisimama kijana mwenye shati jeupe lililonyooshwa pasi na viatu vyeupe visivyo na doa hata moja.

"Naomba pampu ya maji," kijana akamwambia muuzaji.

"Ya injini gani?"

"Ya boti."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Fundi akamgusa bega.

"Kaka, hiyo ni sawa na kwenda kwa mshonaji ukamwambia, naomba nguo ya mtu. Injini yenyewe ya mwaka gani?"

"Sijui, dada. Boti nimeachiwa na marehemu mjomba. Iko pale yadi, juu ya trela."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Mwaka wa pili juu ya trela! Basi wewe ni nahodha wa nchi kavu."

Jina likamganda hapo hapo. Hata muuzaji alipoandika risiti aliandika Nahodha.

Jumatatu Fundi alikwenda kuiona hiyo boti. Ilikuwa ya zamani, ndefu, yenye viti vya ngozi iliyopasuka na injini ya petroli iliyofichwa chini ya kiti cha nyuma. Kwa siku kadhaa alibadilisha pampu, akasafisha plagi, akaifanya injini ikohoe, kisha ingurume. Nahodha alikaa pembeni siku zote hizo akimshikia spana, na kila alipoombwa namba kumi na mbili alitoa kumi na nne.

"Unafanya makusudi," Fundi alimwambia.

"Ndiyo. Nikikupa sahihi mara moja, utamaliza upesi."

Siku ya kuijaribu walitoka saa nne asubuhi, wawili tu. Boti ilifuata ufuo kwa mwendo wa wastani, hoteli zenye roshani nyeupe zikipita upande mmoja, kisha majabali yaliyojaa ndege, kisha vighuba vya mchanga visivyo na barabara ya kufikia. Maji yalikuwa ya uvuguvugu kama ya kuogeshea mtoto, na mtu aliweza kuona kivuli cha boti kikikimbia juu ya matumbawe. Nahodha alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja.

"Mbona kimya, mpenzi?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Nasikiliza injini."

"Inasemaje?"

"Inasema dereva anaangalia pembeni wakati mwamba uko mbele."

Nahodha akageuka haraka. Hapakuwa na mwamba wowote. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu.

Wakarudi wapenzi, na yadi nzima ikajua.

Pale yadini kulikuwa na utaratibu mmoja usiokiukwa. Boti ikipandishwa kwenye trela, kizibo cha shaba kilichoko chini kabisa hufunguliwa ili maji yaliyoingia yatoke, kisha huning'inizwa msumarini pamoja na ufunguo wa kuwashia. Asiyekirudisha atazama kabla hajaliacha gati. Kwa hawa wawili ikawa desturi: Fundi anafungua, Nahodha anafunga. Na kwa kuwa boti ilikuwa ya kizamani, kizibo chake hakikuwa na mwenzake dukani.

Mwezi wa tatu Nahodha akapata kazi kubwa. Bibi harusi mtarajiwa na shoga zake kumi walitaka kuzungushwa pwani kutwa, na mama wa bibi harusi alikuwa mwenye hoteli. Akiridhika, angempa wageni wake msimu mzima. Wasichana walikuja kuikagua boti, wamevaa magauni ya rangi za peremende, wakamwita Nahodha "handsamu" mbele ya Fundi aliyekuwa na grisi hadi masikioni. Nahodha alichekacheka. Fundi aliinama kuokota spana iliyokuwa tayari mkononi mwake.

Ijumaa alasiri, akipita nyuma ya boti, alinusa petroli. Haikuwa nyingi. Kifuniko cha injini kilikuwa kimefungwa na ufunguo wake alikuwa nao Nahodha. Akapiga simu.

"Mpenzi, usiishushe boti kesho. Nimenusa petroli."

"Kwenye boti ya petroli ulitaka unuse nini, marashi?"

"Sitanii. Njoo ufungue nione."

"Niko kwa kinyozi. Mpenzi, sema ukweli. Ni petroli au ni wale wasichana?"

"Nimekwambia petroli."

"Haya, bosi wangu. Ukiacha kununa nipigie."

Akakata simu. Fundi alisimama pale akijiuliza swali hilo hilo. Ilikuwa petroli kweli, au alikuwa ameinusa kwa sababu aliitaka iwepo? Hakuwa na ushahidi. Alikuwa na pua yake tu. Akakitoa kizibo kwenye msumari, akakitia mfukoni, akaenda nyumbani.

Asubuhi aliwakuta wote yadini, karibu na gati: magauni ya peremende, makapu, mwavuli mkubwa, na Nahodha akichakura droo za yadi jasho likimtoka.

"Kiko kwangu," Fundi alisema. "Fungua injini kwanza."

"Kilete."

"Fungua kwanza."

Mama wa bibi harusi alitazama saa, akapiga simu, na baada ya muda mfupi boti nyingine ikaja kuwabeba. Ndipo Nahodha akapasuka mbele ya watu.

"Wivu umekutoa akili! Umenivunjia riziki kwa sababu ya vigauni?"

Fundi alimwekea kizibo kiganjani, akaondoka. Wiki tatu simu yake haikulia. Jioni alikuwa akiitazama kana kwamba ni injini iliyogoma.

Ilipolia, ilikuwa namba ngeni.

"Wifi?" Sauti ya kike ilikuwa inahema. "Mimi dada yake yule mjinga. Nashona viti. Leo ameniletea ufunguo nifungue cha nyuma nikipime. Wifi, kichwa kimeniuma! Chini kuna petroli imetuama, na ule mpira wa kupitishia petroli nimeugusa tu umebaki vidoleni kama andazi kavu."

"Yeye yuko wapi?"

"Amekaa chini tangu saa tatu. Anahesabu kwa vidole, anafika kumi na moja, anaanza tena."

Siku mbili baadaye Nahodha alisimama mlangoni mwa karakana. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vimejaa grisi.

"Nimeweka mpira mpya. Kwa mikono yangu. Njoo ukague."

Fundi alikwenda. Alilala kifudifudi juu ya injini, akapitisha vidole, akanusa.

"Kibanio hiki cha mpira kimelegea. Spana ya kumi."

Akapewa ya kumi. Akakaza nusu mzunguko, akainuka.

Nahodha alikuwa amemnyooshea kizibo.

"Kikae kwako. Boti isiteremke bila wewe, na mimi vilevile."

"Hiyo ni kazi au posa?"

"Posa. Wazee wangu wanauliza waje lini."

"Jumapili." Akakipokea, akakifuta kwa ovaroli. "Waje mapema, mama hapendi kusubiri."

Nahodha akapumua. Halafu, kwa kuwa alikuwa Nahodha, akaongeza:

"Lakini na wewe niombe radhi kidogo, mke wangu. Uliniumbua mbele ya umati. Na useme kweli, wivu haukuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Si unaona!"

"Wivu ulikuwepo na petroli ilikuwepo. Kizibo nilichukua mimi, na ukinibishia tena nitakichukua tena, hata uwe umempakia mama yangu." Akakitia mfukoni, akafunga kifungo. "Radhi siombi."