Aliyegusa Amecheza

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Wewe mwenye kikohozi, kimeze. Zimeni hiyo redio. Na ubao ule pale dirishani asiuguse mtu mpaka niseme.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa kinyozi. Mashemeji wa kutaniana hao, tena mabingwa wa sataranji. Mtaa mzima hakuna aliyewaweza. Wakimaliza mchezo hawakuinuka. Waliurudia wote, kete kwa kete, kutafuta kosa lilianzia wapi, na hapo hatua yoyote iliruhusiwa kurudishwa. "Ningekuja na farasi je?" "Rudisha, tuone."

Siku moja mjomba alimshinda baba mchezo wa moto, kete zikipukutika kama mvua ya mawe. Baba akang'ang'ania kwamba palikuwa na njia ya kuponea. Wakazipanga kete pale palipoharibika, wakauacha ubao chumba cha cherehani waendelee kesho.

Kesho yake farasi mweusi alikuwa amehama, na chumba kinanuka nywele zilizoungua.

"Nywele," baba akasema. "Nani hapa anashika nywele kutwa?"

"Shemeji, mimi nanyoa, sichomi," mjomba akacheka. "Umeshindwa kwa akili, sasa unataka kushinda kwa pua?"

Baba hakucheka. Akafunga mlango, ufunguo akatia mfukoni. Kete zikazidi kuhama, tena zinahama vizuri, kama mtu anayejua.

"Mume wangu," mama akanong'ona, "nimesikia kete ikilia tak mle ndani, na kaka yuko kwake ananyoa."

"Damu yenu moja. Utaacha kumtetea?"

Mjomba akakatazwa kukanyaga nyumbani kwetu. Ndipo baba alipofanya kosa ambalo mchezaji tu angelifanya. Aliona pazia la chumba limetuna, akajua ndiye shemeji, amejificha. Akasema kwa sauti: "Haya mjanja, kurudisha kumekwisha. Tucheze kweli. Aliyegusa amecheza!"

Pazia likanywea. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Tangu hapo kilicholiwa kililiwa. Baba alicheza, akageuka; akigeuka tena, anakuta ameshajibiwa. Askari wetu mmoja alitoka ubaoni, na paka wetu akakutwa amekufa, mkavu, chini ya cherehani. Kisha ngome nyeusi ikajipanga kumkabili malkia wetu, na mama, aliyekuwa anakunja nguo huku akituimbia, akashika kifua, midomo ikawa majivu, na ile harufu ya nywele ikatoka chumbani, ikapita ukumbini polepole, ikaja ikakaa ubavuni pake kama mtu anayengoja zamu yake.

Baba akakimbia peku mpaka kwa kinyozi. "Shemeji, nimekukosea. Nitukane baadaye. Dada yako!"

Mjomba akaja na taulo la mteja begani. Akautazama ubao mpaka jasho likamtoka.

"Njia ya kushinda ipo," akanong'ona. "Unamtoa malkia aliwe, hatua mbili tu mfalme wake amekwisha."

"Na dada yako?"

Mjomba akatikisa kichwa kuikataa njia hiyo. Kisha akamshika farasi wetu mweupe, akamweka mahali palipomtisha mfalme mweusi. Chumba cha pili, mama akavuta pumzi.

"Anamtaka malkia, lakini lazima amwokoe mfalme wake kwanza. Atakimbilia pembeni. Nitamtisha tena kutoka upande wa pili, atarudi alipotoka. Hatumshindi, shemeji. Ila tusipoacha kumtisha, hatakula kitu."

Asubuhi mfalme mweusi alikuwa amejibanza pembeni. Jioni wakamsogeza farasi. Asubuhi mfalme amerudi. Hivyo hivyo, kila jioni, mpaka wote wawili wakazeeka.

Kiti cha kunyolea alirithi binti wa mjomba, akakiuza. Cherehani alirithi dada yangu. Ubao alirithi kaka yangu, yule tuliyemzika juzi, pamoja na kazi ya kumsogeza farasi kila jioni. Mimi, mama alipofariki kwa uzee wake, nilidhani sikurithi kitu. Jioni moja kaka akachelewa kurudi, nikashika kifua, nikanusa nywele zinaungua, nikajua malkia sasa ni nani.

Jana nimemsogeza farasi mwenyewe, kwa mikono miwili, na mnaiona inavyotetemeka. Nikimdondosha pabaya, aliyegusa amecheza.

Jua hilo linazama. Wewe mwenye kikohozi, una mkono mtulivu. Inuka, mwanangu. Farasi ni wako.