Majani ya Muruku Ndani ya Pumba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti yangu Murekatete alikuwa anafungua kibanda cha kuku nyuma ya nyumba yetu pale Nengo. Kuku walitoka wakisukumana, naye akawaita kama marehemu mama yake alivyokuwa akiwaita: "Kuru, kuru, kuru!" Mimi nilikuwa ndani najiandaa kwenda mpakani kubeba magunia. Nikiisikia sauti ile nilisimama kidogo, maana ilikuwa sauti ya mke wangu kabisa. Huo ulikuwa mwaka wa 1998. Mpaka leo mtu akiita kuku, moyo wangu unarudi pale.

Mke wangu Mukamana alituachia kuku tisa. Shule hakuiona sana, kama mimi tu, lakini dawa za kuku alizijua. Minyoo ikiwasumbua, alitwanga majani machungu ya mubirizi, kiganja kimoja, akayatia katika maji ya kunywa kwa siku tatu, kisha akaacha. Utitiri ukiwaingia, alitwanga majani ya muruku, ule mti mdogo ambao watu wa Bugeshi wanaupanda kando ya mashamba ya viazi kufukuza fuko. Maji yake aliwapaka kwenye manyoya tu, halafu akanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Murekatete aliyaona hayo yote akiwa mdogo. Aliona, lakini hakuwahi kuuliza, wala mama yake hakupata muda wa kumweleza.

Mwezi wa kumi kuku walianza kukonda, na minyoo ikaonekana kwenye mavi yao. Nilikwenda kumtafuta bwana mifugo mara tatu. Mara ya kwanza yuko mkutanoni. Mara ya pili pikipiki haina mafuta. Mara ya tatu mafuta yapo, lakini pikipiki imempeleka mkubwa wake harusini. Kuku wa maskini angeumwa kulekule mkutanoni, huenda angeonekana! Nilirudi nyumbani nimejaa hasira.

"Mwanangu," nikamwambia Murekatete, "sisi hakuna mtu anatuangalia. Tujiangalie wenyewe."

Neno lile alilibeba kwa uzito kuliko nilivyodhani. Alitafuta mubirizi akaukosa, maana mti wetu ulikuwa umekatwa kuni. Jumamosi alikwenda Nyamyumba kumsalimia shangazi yake, Nyirabagenzi. Kule kwenye kijito aliwaona vijana wakimwaga muruku uliotwangwa majini, kwa kujificha, kwa sababu ni marufuku. Samaki wakaelea matumbo juu, wakaokotwa, wakakaangwa. Watu wakala, na hakuna aliyelalamika tumbo.

Murekatete akawaza: kama mtu anakula samaki huyo na hadhuriki, basi jani lenyewe halina ubaya. Na kama linaua utitiri nje, litaua minyoo ndani. Alirudi na fungu zima, akalikausha juu ya bati, akalisaga, akalichanganya na pumba. Aliwalisha kuku siku nne mfululizo. Hakuniambia, kwa kuwa alitaka nije nishangae kuku wamepona.

Siku ya tano nilirudi mchana, nikamkuta jirani yetu Faradji, fundi cherehani aliyetoka ng'ambo ya mpaka, ananingoja mlangoni. Binti yake Nadra alikuwa amejifungua siku mbili zilizopita, nami nilikuwa nimemwahidi kuku wa supu ya mzazi.

"Baba Murekatete," alisema akicheka, "leo nimekuja na kisu yangu. Usiniambie tena ngoja kesho. Mama muzazi iko nalilia supu."

"Karibu, jirani. Chagua mwenyewe."

Tulipofika kibandani, kicheko kilikatika. Kuku mmoja alikuwa amekufa. Wengine walikuwa wamelegea, mabawa chini, shingo zinayumba.

"Bon," Faradji akasema, "kuku yako zimekunywa pombe ya urwagwa ama?"

"Ni kideri. Kimeingia, na wakubwa wamelala."

"Donc tuwahi. Ile imekufa ni muzoga, siigusi. Hizi zingine ziko na roho bado. Tuchinje sasa hivi, supu ichemke sana, ugonjwa itakufa ndani ya chungu."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifanya mtaa mzima. Kuku akiumwa, kisu kilimkimbilia kabla ya kifo, ili nyama isipotee. Nikamkamata tetea mwekundu. Faradji akamlaza kuelekea kibla, akafungua kisu chake kutoka kwenye kitambaa.

Wakati huohuo Murekatete akaingia uani akitoka shule. Alipoona kisu, alisimama kama mti.

"Lete maji ya moto," nikamwambia.

Hakusogea. "Baba, msichinje."

"Unataka wafe bure?"

"Si kideri."

"We ni daktari? Daktari mwenyewe hajui njia ya kufika hapa!"

Aliinamisha kichwa. Faradji akamwambia kwa upole, "Mwanangu, Nadra iko nangoja. Maziwa yake haijatoka vizuri."

Kusikia jina la Nadra, Murekatete akaanza kulia. "Ni mimi. Niliwapa muruku. Kwenye pumba. Siku nne."

Faradji akamwachilia tetea. "Muruku? Ile ya samaki?"

"Watu wanakula samaki na hawafi!"

"Yesu na Maria!" nikasema, na Faradji Mwislamu hata hakunicheka. Alikuwa anakitazama kisu. "Na mi ningepelekea mutoto wangu," alisema polepole, "na kale kachanga kanakonyonya."

Mkono wangu uliinuka kumpiga binti yangu. Lakini nikakumbuka nani aliyemwambia tujiangalie wenyewe bila kumwonyesha namna. Mkono ukashuka.

Tulimwita Mukamurenzi, mama mmoja wa ng'ambo ya barabara, mfugaji wa kuku, rafiki wa marehemu mke wangu. Alinusa pumba, akatema mate.

"Mwaga yote shimoni, ufukie. Mzoga wa kuku pia, mbwa asiufikie. Hawa wape maji safi, kivuli na uji mwepesi. Mayai yako wapi?"

"Sita, kwenye kikapu," Murekatete akajibu.

"Vunja, ufukie. Msile yai wala nyama yao."

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Sijui. Ndiyo maana nasema msile. Asiyejua siku ya dawa kutoka mwilini, angoje sana."

Kisha akaenda kwake, akarudi na jogoo. "Faradji, mpelekee Nadra huyu. Amekula mahindi na wadudu tu."

Kuku wengine wawili walikufa, sita wakapona. Baada ya siku tisa bwana mifugo akafika, viatu vinang'aa. Murekatete alimweleza yote kabla sijafungua mdomo. Bwana yule akaandika katika daftari lake, akasema kuku wanaendelea vizuri, kana kwamba yeye ndiye aliyewatibu.

Alipoondoka, Murekatete alimuuliza Mukamurenzi, aliyekuwa amekuja kuwaona kuku, "Lakini samaki?"

"Samaki aliguswa mara moja, kwenye maji mengi. Na hata huyo mimi simli! Kuku wako alikula jani lenyewe, limekaushwa, limesagwa. Kiganja kimoja cha unga huo kina majani ya tawi zima. Jani kuota ardhini hakulifanyi kuwa chakula, mama. Dawa ya kupaka ni ya kupaka. Hata mubirizi, mama yako aliupima na kuhesabu siku. Usipojua, uliza kwanza."

Murekatete akanitazama, akingoja ukali wangu. Nikamwambia hivi:

"Kutouliza ni kosa lako, na kutokufundisha ni kosa langu. Kuku watatu wamekufa, na wale walikuwa wa mama yako, nami nimeumia. Lakini kisu kilikuwa kimeshafunguliwa, na wewe ulikuwa unaogopa, na bado ukasema ni mimi. Ungenyamaza, tungepeleka sumu kwenye bakuli la mzazi huku tukijisifu kwa ujirani mwema. Ukikosea tena, na utakosea, sema mapema kama siku ile. Tena mapema zaidi."