Kitambaa Kwenye King'ora

Likizo ile, kila adhuhuri Chiriku alimpelekea baba yake chakula kwenye jengo jipya. Jina hilo alibandikwa na baba mwenyewe, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Baba alikuwa mpaka rangi. Alifanya kazi kwenye mashine ya kuinulia watu, ile yenye mkono mrefu wa chuma na kikapu cha kusimamia, usawa wa ghorofa ya nne.

Siku hiyo alimkuta baba yuko juu tayari. Chini, karibu na magurudumu, Chiriku aliona kitu kilichomchemsha damu. Kitambaa cha baba cha kufutia rangi kilikuwa kimesokomezwa ndani ya king'ora cha mashine na kufungwa kwa utepe wa gundi. Mlio ulisikika kwa mbali, kama wa mbu.

Baba huyohuyo ndiye aliyemweleza kwamba king'ora kikilia, mashine imekaa upande, na mwenye akili zake hushuka. Chiriku alitazama gurudumu la nyuma. Lilikuwa juu ya mtaro uliofukiwa majuzi, na udongo ulikuwa ukididimia.

Alimkimbilia msimamizi. "Mzee, mashine ya baba inazama."

"Kwani ni mashua?" Msimamizi alicheka. "Hicho king'ora kimetupigia kelele tangu asubuhi. Ukuta unatakiwa uishe leo. Weka chakula uende zako."

Hasira zilimpanda Chiriku mpaka masikio yakawa ya moto. Alirudi mbio, akakibonyeza kwa kiganja kizima kitufe chekundu cha kuzimia mashine. Mashine ikazimika.

"Nani kazima?" baba alifoka kutoka juu.

"Mimi."

"Una wazimu? Ngoja nishuke, utanitambua."

"Shuka kwanza, baba. Nichape ukiwa chini."

Msimamizi alikuja akihema kwa ghadhabu, lakini macho yake yalipotua kwenye gurudumu, aliisahau ghadhabu yake. Alimwamuru Chiriku akae mbali kabisa. Akaiwasha mashine kwa vitufe vya chini, akaurudisha mkono ndani, kisha akaushusha polepole.

Baba alitoka kikapuni. Alilitazama gurudumu, akamgeukia msimamizi.

"Nimeziba king'ora mimi, na wewe ndiye uliyenihimiza. Sipandi tena mpaka mashine ihamishiwe kwenye ardhi ngumu. Ukiutaka ukuta wako leo, panda mwenyewe."

Msimamizi alienda kuwaita watu wa kuihamisha.

"Na wewe," baba alimwambia Chiriku, "usisogelee tena mashine iliyoinama. Piga kelele ukiwa mbali."

"Nilisema, nikafukuzwa." Chiriku alikuwa bado amefura. "Mbona uliziba, baba? Wewe si ndiye uliyenifundisha?"

"Niliogopa kugombezwa kuliko nilivyoogopa kuanguka," baba alisema. "Chombo kikikuonya, mwanangu, acha kazi, hata kama mkubwa wako atanuna. Katika hili la leo, usinifuate mimi."