Mtu wa Kumi na Tatu pale Nyangwe

Hidaya alipowahesabu wenzake na kupata watu kumi na watatu, alicheka. Jua kali, usingizi kidogo, mbu wa nyumba ya wageni kule Kasongo, nani asingekosea? Walitoka Kigoma wakiwa wanafunzi kumi na wawili wa historia, yeye akiwa mmoja wao, na mwalimu wao alipozidiwa na malaria asubuhi hiyo alimkabidhi yeye matembezi ya Nyangwe. "Uwarudishe wote," alimwambia. Mama yake, siku ya kuagana, alikuwa amemtaja mmoja tu: Sonia, mdogo wake, aliyekuwa kwenye kundi hilo hilo.

Walitembea ukingoni mwa mto Lualaba, wakatazama mitumbwi, wakafika palipokuwa soko la watumwa. Siku hizi ni nyasi tu. Wakapiga picha, wakataniana. Hapo ndipo Hidaya alipoinua kidole na kuhesabu migongo yenye fulana za bluu, na hapo ndipo ilipoanza harufu ya chuma kilicholowa.

Akahesabu tena. Kumi na wawili mbele yake, yeye wa kumi na tatu. Na kila uso alioutazama aliujua.

"Twendeni zetu," alisema.

Pikipiki zilizowaleta zilikuwa sita, kila moja abiria wawili nyuma ya dereva, na hakuna aliyebaki chini. Moyo ukamtulia. Wakaenda nusu saa kwenye njia ya Kasongo, wakapita mashamba ya mihogo, wakapita msikiti mdogo, kisha njia ikapinda na mto ukawa mbele yao tena, na nyasi zile zile, na chupa ya maji aliyoisahau mwenzao Elsa imelala pale pale. Wakajaribu mara ya pili. Chupa ilikuwa inawangoja.

Radjabu, mkubwa wa madereva, alizima injini. Akanong'ona, "Dada, kuna mutu amehesabu watu hapa na kidole?"

"Mimi."

"Aii! Sisi hapa hatuhesabu mutu. Hata watoto ya nyumbani tunawaita majina tu. Hapa ndipo walikuwa wanahesabu watumwa mbele ya kuwapeleka. Sasa iko mumoja ameingia ndani ya hesabu yako, anataka kutoka na ninyi."

"Tufanye nini, kaka?"

"Nipe majina. Nitaita. Mwenye kuitika kwanza, apande mbio. Mwenye hana jina atabaki na mahali pake."

Hidaya akampa karatasi ya majina. "Elsa!" "Abee!" Majina yakapungua, pikipiki zikajaa moja baada ya nyingine, na Hidaya, ambaye jina lake aliliweka mwisho kwa kuwa ndiye kiongozi, alisimama akisikia nyuma yake nyasi zikikanyagwa polepole na vyuma vikigongana, harufu ile ikimjaa kooni, mpaka Sonia naye akaitwa, akapanda nyuma ya Radjabu, na ikabaki nafasi moja tu.

"Hidaya!"

Lakini Hidaya alikuwa amegeuka. Alitaka tu kuona ni nani atakayebaki. Hakukuwa na mtu.

"Abee," ilijibu sauti yake mwenyewe, kutoka upande wa pikipiki.

Aliporudisha uso, fulana ya bluu na mtandio kama wake vilikuwa vimeshakaa nyuma ya Sonia. Akapiga kelele, akakimbia, akamshika mdogo wake mkono. Sonia hakugeuka, kana kwamba hakuna aliyemgusa. Alikuwa anaangalia mikono iliyomzunguka kiunoni.

"Da Hidaya, mbona mikono yako imelowa?"

"Jasho tu," kilijibu kile kitu kwa upole. "Twende kwa mama."

Pikipiki zikapinda kwenye mihogo, na safari hii hazikurudi. Hidaya aliita jina la mdogo wake hadi sauti ikamkauka. Kisha kidole cha baridi kikamgusa mgongoni, na mtu asiye na haraka akasema, "Mmoja."